Namba Zilizooga

Siku ya kwanza Dakta Ng'washi Malale hakuingia darasani.
Tulimsubiri sitini na wawili, kalamu tayari,
hadi mlinzi akaja na ujumbe: yuko ziwani,
na asiye na mfuniko wa ndoo asijisumbue.

Mfuniko wa ndoo!
Mwaka wa tatu wa sayansi ya maji,
baba kauza mafahali wawili kule Kibara
nije kudaiwa mfuniko wa ndoo.
Niliuchukua wa mama mwenye nyumba, bila kuaga.

Tukaugawa robo nne: nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe,
kwa rangi iliyobaki mtu alipopaka geti lake.
Tukatoboa katikati kwa msumari wa moto,
chini jiwe la Luchelele, juu kamba,
na kwenye kamba fundo, kila sentimita kumi.
Nyabise, aliyekulia kwenye nyavu,
alifunga yake huku akipiga soga.
Yangu yaliteleza mara tano.

"Hicho ndicho chombo," akasema Dakta.
"Kishusheni mpaka kipotee machoni. Hesabuni mafundo.
Ziwa litawaambia limekula nini."
Akapanda pikipiki, akaondoka.

Wiki mbili, saa mbili asubuhi, saa nane mchana.
Mara ya kwanza: mafundo kumi na tatu na kidogo.
Kidogo kiasi gani? Nani ataandika "kidogo"?
Macho yangu yalisema kumi na tatu, ya Nyabise kumi na nne,
tukabishana hadi jua likatuchoma utosi,
na hapo, pasipo mhadhara, tukajua
kwamba kipimo kimoja ni uvumi.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu, Nansio.
Siku tatu. Nilikula, nilicheza,
na ndani ya feri nikirudi, daftari mapajani,
nikajaza jedwali: kumi na tatu, kumi na tatu na nusu,
halafu kumi na mbili, maana kumi na mbili ina sura ya ukweli.
Mwandiko wangu haukuwahi kupendeza vile.

Dakta alilisoma daftari, kisha akalinusa.
Nasema kweli, alilipeleka puani.
"Halinuki samaki," akasema. "Na namba zako, Mkama,
zimeoga, zimejipaka mafuta, zinakwenda kanisani."
Darasa zima likacheka. Nikakagua kamba za viatu.
Kumbe Alhamisi upepo ulileta magugu maji
yakaziba gati lote, mitumbwi ikashindwa kutoka,
ndege wakatembea juu ya ziwa kama wanakatiza uwanja.
Mimi nimeandika: maji maangavu, mafundo kumi na mbili.

Sikufukuzwa.
Ningefukuzwa ningelia siku moja, nikapona.
Aliniambia nianze upya, wiki mbili nyingine,
peke yangu, wenzangu wakiwa likizo.

Siku ya sita magugu yalirudi.
Nilisimama gatini na mfuniko wangu kama muuza sinia.
Nikaushusha. Ukakaa juu ya majani.
Nikausukuma kwa mti, ukazama shubiri, ukarudi.
Nzi. Harufu ya mizizi. Suruali hadi magotini tope.
Nikaandika, wino ukitawanyika:
*Sifuri. Leo sikuliona ziwa. Kuna kiota, mayai mawili.*

Kwenye ukurasa huo Dakta aliweka alama ya vema
kwa nguvu iliyotoboa karatasi.
Kuhusu mayai aliuliza: ya ndege gani?
Sikujua. Akaniandikia: *Rudi.*

Mama Buyegu siku zote hizo alifunika ndoo kwa sinia.
Jana nimemrudishia mfuniko wake,
una tundu katikati na rangi ya geti la watu.
Akauinua, akanichungulia kupitia tundu,
jicho moja, jeusi, bila haraka:
"Na huko chuoni, mwanangu, hasa mnasoma nini?"